Udongo wa Vidole Viwili

Mama mkwe wangu na mwanawe walinuniana mpaka kaburini, na chanzo kilikuwa mbolea. Mama aliamini samadi tu. Mwanawe, yaani mume wangu, aliamini mbolea ya dukani tu. Shamba wakaligawa katikati. Upande wa Mama mabua yalikuwa ya kijani lakini mahindi madogo. Upande wa mume wangu yalirefuka misimu michache, kisha udongo ukagandamana, yakatoka ya njano. Nyumbani tulikula pamoja, nami ndiye niliyekuwa njia yao. "Mwambie mumeo asogeze chumvi." "Mwambie mkweo chumvi hiyo hapo." Chumvi yenyewe wote wanaifikia.

Mume wangu akatangulia, na Mama akamfuata kabla machozi hayajakauka. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, hakuzunguka mbuyu. "Shemeji, sikufukuzi. Lakini msimu huu shamba lisipozaa, ukoo utalichukua. Mume huna, mtoto huna." Nikamjibu nimesikia. Kwetu hakuna aliyebaki, na shamba lile ndilo lililokuwa likinifanya niwe mtu wa mahali.

Bwana shamba alishatushauri zamani tuchanganye, Mama na mwanawe wakamkatalia wote wawili, ndilo jambo pekee walilowahi kuafikiana. Basi nikachanganya. Kila shimo konzi ya samadi, kifuniko cha soda cha mbolea ya dukani, mbegu, nikafukia. Nilipanda shamba zima mpaka mgongo ukagoma.

Asubuhi nikakuta karibu kila shimo limekanyagwa kisigino. Ndivyo Mama alivyokuwa akifukia, jembe begani, anashindilia kwa kisigino. Kilikuwa chembamba, chenye ufa upande wa nje. Miguu ile niliiosha mimi wakati anaugua, siwezi kuikosea. Na kando ya kila kisigino, punje nyeupe za mbolea zimerundikwa vizuri.

Mwili ulinisisimka, sikatai. Halafu hasira zikanipanda. Nikaenda kwenye lundo la samadi, alikopenda kusimama.

"Mama, shikamoo," nikasema. "Sasa nisikilize. Ugomvi wenu mmezikwa nao. Mimi nikitolewa hapa nitakwenda wapi? Niachie mbolea yangu."

Lundo lilifuka mvuke kama kawaida yake asubuhi. Shingoni nilihisi mtu ananitazama, na niliogopa kugeuka. Nikaondoka hivyo hivyo, nikijipa moyo kwamba mistari ya kando ya njia hakuigusa. Nikaweka matumaini yangu yote pale.

Mvua ikanyesha. Miche ikachomoza kila palipokuwa na kisigino. Kando ya njia, patupu. Nikafukua: mbegu imeungua, nyeusi tii, imelala juu ya mbolea. Ndipo nilipokumbuka udongo wa kutenga mbolea na mbegu. Mbolea ya dukani ikigusa mbegu inaiunguza. Mume wangu alinifundisha hilo mwenyewe, akipima udongo kwa vidole viwili, na mimi na kichwa changu cha msiba nikasahau.

Nikafukua shimo moja lenye kisigino. Samadi chini. Mbolea kidogo, iliyozidi ndiyo ile iliyotolewa nje. Juu yake udongo, nikapima: vidole viwili. Kisha mbegu, imeshaota mizizi.

Nikakaa pale pale kwenye tope. Mama hakuwahi kugusa mbolea ya dukani maisha yake yote. Habari ya vidole viwili hakuijua. Kuna mtu kamfundisha.

Shemeji alikuja mahindi yalipobeba, akazunguka shamba, akashika moja, akaliachia. "Haya, shemeji," akasema. "Kaa."

Nimekaa. Nikiingia shambani nasikia wanaongea katikati ya mahindi, sauti mbili, taratibu, na nikikaribia wananyamaza. Jioni nakula peke yangu na chumvi iko karibu. Hakuna anayeniambia nimwambie mtu kitu.