Uzito wa Landrova

Mume wangu Oswald aliinunua ile Landrova mnadani, mwaka shirika moja la serikali lilipofungwa na mali zake kuuzwa. Mita yake ya kilomita ilikuwa imezunguka mpaka mwisho ikaanza upya, na hakuna aliyejua ni mara ngapi. Mimi nilitaka tununue Haisi, kama wenzetu waliokuwa wanapeleka abiria Peramiho. Oswald akasema Haisi haifiki kwa mama yake wakati wa masika. Hapo alinifunga mdomo. Mama mkwe, Bibi Esteria, alikuwa na ugonjwa wa moyo, na kutoka kijijini kwake upande wa Namtumbo hakuna gari jingine lililopita tope lile kumpeleka hospitali ya Peramiho. Landrova ikifa, mama naye hana njia.

Kazi iliyotulisha ilikuwa kurudisha maiti vijijini. Oswald alikuwa na desturi aliyoirithi kwa baba yake: kila alipofika darajani alipunguza mwendo na kumwambia marehemu, "Tunavuka mto, tuko pamoja." Akifika kwa wafiwa alifungua mlango wa nyuma mwenyewe, akasema, "Tumefika. Shuka." Ndipo jeneza lilipotolewa. Nilikuwa namcheka sana. Nilimwambia siku mmoja wao akimjibu, ataacha gari barabarani akimbie.

Baada ya masika gari likachoka. Tupu kabisa, lilipanda kilima cha kwetu Mshangano likiguna kama limejazwa marobota ya tumbaku, na nyuma upande wa kushoto lilikuwa limeinama. Fundi Isidori akabadilisha springi. Asubuhi tukalikuta limeinama tena. Akafungua injini, akapima, akakuna kichwa.

"Shemeji, sioni ugonjwa," akaniambia. "Ila gari ni zee. Wekeni injini ya Kijapani, siku hizi zinaingia nyingi Dar. Au liuzeni chuma chakavu, mpumzike."

Tuligombana wiki nzima. Mimi nasema tuuze, yeye anasema tuweke injini, na hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa nafagia ndani ya gari, na mchana mmoja wa jua kali nikaweka mkono kwenye benchi la nyuma, kushoto. Lilikuwa baridi. Si benchi zima. Baridi ilianzia mgongo wa mtu unapoegemea na kuishia pale magoti yake yangeishia. Tangu siku hiyo nilifagia nikiwa nimesimama nje, na sikumwambia Oswald, maana angenicheka kwa zamu yake.

Siku ya kliniki ikafika, tukamfuata mama. Alitoka na kanga zake mbili, akachungulia nyuma ya gari, akarudi kinyumenyume.

"Shikamoo mama. Panda, twende," Oswald akasema.

"Marahaba. Nipande wapi? Pale amekaa mtu."

"Hakuna mtu, mama."

"Yupo, mwanangu. Amelowa chapachapa. Mmemtoa wapi huyu?"

Oswald alishika boneti.

"Romwaldi," akasema kwa sauti ndogo.

Romwaldi alikuwa mkulima wa tumbaku, wa kijiji cha jirani. Tulimrudisha masika, mvua ikiwa kubwa, gari likazama kwenye tope mbele ya nyumba yake. Oswald alikuwa chini ya gari akitafuta namna ya kulinasua, na ndugu wakafungua mlango wenyewe, wakakimbia na jeneza ndani. Hakuna aliyemwambia Romwaldi kwamba amefika.

Tukaenda kwake, mama amekaa mbele kwenye mapaja yangu. Mjane, Ursula, alikuwa amepiga magoti uani akianika mahindi. Oswald akafungua mlango wa nyuma.

"Romwaldi, tumefika. Shuka."

Springi zililia, gari likainuka. Nililiona kwa macho yangu haya. Ursula aligeuza shingo polepole akitazama kuanzia gari hadi mlango wa nyumba yake, kisha akavuta mkeka wa mahindi kando, kupisha.

Kutoka pale hadi Peramiho hatukusikia gari likiguna. Mama alihamia nyuma, akasema benchi lina joto zuri. Nami nikamtania Oswald kwamba amepata injini mpya ya bure.

Mama alilazwa, na hakutoka mzima. Oswald hakukubali dereva mwingine amrudishe. Kila daraja alimwambia, "Tunavuka mto, mama, tuko pamoja," huku machozi yakimtoka na mimi namfutia ili aone barabara. Tulipofika kijijini alifungua mlango wa nyuma, akasimama ameshika kitasa. Watu wote wakamsubiri. Midomo yake ilicheza, neno halikutoka. Akageuka akawaambia wabebaji, "Mchukueni." Kisha akanitazama, na tulielewana.

Tulizika. Tulipoondoka gari liliinama nyuma, kushoto, kidogo tu. Mama alikuwa mwembamba. Kilimani Mshangano likaanza kuguna.

Oswald alimwita Isidori aweke injini ya Kijapani. Isidori akauliza kama hatimaye ameuona ugonjwa.

"Gari ni zima," Oswald akasema. "Lina abiria."

Safari hii sikugombana naye. Injini ilipowekwa tulitoka kuijaribu, mimi na yeye, mchana kweupe, ikapanda vilima bila kelele. Darajani akapunguza mwendo.

"Tunavuka mto, mama, tuko pamoja."

Nyuma yetu sauti ya mama, imechoka, ikauliza, "Oswald, bado hatujafika?"

Hakuacha gari, wala hakukimbia. Alishika usukani kwa mikono miwili.

"Bado, mama," akasema, akakanyaga mafuta.