Kidole Gumba cha Alwin Heinrich

Kufikia saa tatu na robo asubuhi, trekta la Alwin Heinrich lilikuwa limekataa kuwaka mara kumi na tisa, na wanaume wa mji mdogo wa Wirrabeel walikuwa wanazidi kufurahi. Walijipanga nyuma ya kamba, mikono mifukoni, kofia zimeshushwa mpaka kwenye nyusi kwa sababu ya nzi. Adabu ya maonyesho ya mashine kuukuu ni hiyo: mashine ya mtu huigusi mpaka uombwe. Kuhusu mdomo hakuna kanuni.

“Sumaku ya magneto imekufa hiyo,” alisema Kevin Lehmann, katibu wa klabu. “Mimi nimeiona cheche yake. Ni ya buluu, lakini buluu isiyo na nguvu.”

“Siyo sumaku, ni unyevu,” alisema Murray Pohl, mwenyekiti. “Magneto iko sawa. Nimeisikia mwenyewe ikilia tak! pale pale inapotakiwa.”

“Unyevu gani, Mwenyekiti?” Alwin alijibu bila kugeuka. “Hatujaona mvua tangu Julai.”

“Basi ni petroli. Siku hizi serikali inaitia pombe.”

Wote wakatikisa vichwa kwa uchungu. Serikali ikitajwa Wirrabeel, hata mwenye trekta zima huona lake limeharibika.

Saa nne kamili yangeanza maandamano ya matrekta, na kwa miaka ishirini na miwili aliyetangulia mbele alikuwa Alwin na trekta lake la mwaka 1936, lenye rangi ya kijani inayong’aa kuliko lilipotoka kiwandani. Lisipowaka, angetangulia Darcy Noske. Kwa mgeni hilo si jambo la kumnyima mtu usingizi. Alwin hakuwa mgeni. Yeye ndiye Ofisa Ufundi wa klabu, mtu ambaye watu walimletea injini zao kutoka mashamba ya mbali ili aweke mkono tu aseme ugonjwa. Afadhali angekosa mavuno kuliko kumtazama Darcy Noske mgongoni, mbele ya mji mzima.

Darcy na Alwin hawakuwa wakisemeshana. Miaka kumi na moja iliyopita, kwenye hema la chai, Alwin alitangaza mbele ya watu wote kwamba Darcy amefunga magneto yake kwa mpando usio sahihi, na kwamba mtu wa namna hiyo akapambe keki. Tangu siku ile, Darcy akiwa na neno la kumwambia Alwin, humwambia mbwa wake, Tapo, kwa sauti ya kutosha.

Na habari ya mpando ni nyepesi, hata anayepamba keki anaielewa. Pistoni hupanda mara mbili: mara moja kubana hewa na petroli, mara ya pili kusukuma moshi nje. Cheche ya magneto, kile kidude kinachozalisha umeme wa plagi, lazima iruke kwenye ule mpando wa kubana. Ukiifunga kwa mpando wa moshi, cheche inaruka pasipo na cha kuwasha, na trekta linakukoholea tu. Kuutambua mpando, unachomoa plagi, unaziba tundu kwa kidole gumba, mwenzako anazungusha hendeli polepole. Hewa ikikusukuma kidole, ndio huo. Alwin alilihubiri somo hili kila mwaka. Wako wanaoziba kwa karatasi wakangoja iruke, au wanaofungua kifuniko wakatazama vali. “Hao wakafuge kuku,” alikuwa akisema. “Fundi anasikia kwa kidole.”

Sasa ubaya wake. Kidole cha Alwin hakikuwa kikisikia kitu tangu Mei. Aligundua wakati wa kupanda ngano, aliposhika bomba la moshi la moto akajua kwa harufu ya ngozi kuungua. Mkono wa kushoto nao ulifuata Agosti. Kila asubuhi mkewe, Glenda, alimfunga vifungo vya shati, na hakuna aliyelitaja jambo hilo. Mara tatu Glenda alimwekea miadi kwa daktari, na mara tatu Alwin alipiga simu kusema kondoo wanaumwa. Halafu Alhamisi, kwa kujionyesha tu, akaing’oa magneto iliyokuwa nzima ili aisugue ing’ae, akairudisha kwa kidole kile kile kilichokufa.

Alijua kabisa alipokosea. Kila mtu nyuma ya kamba alijua pia, au alishuku. Lakini nani angemwambia Alwin Heinrich kwamba amekosa mpando? Waliona heri kuilaumu serikali.

Glenda alipita na trei ya chai na skonzi. Akasimama karibu naye, akasema kwa sauti ya chini, “Alwin, waambie tu.”

“Niwaambie nini?”

“Unajua nini.”

“Weka chai hapo, Glenda.”

Chai ikawekwa. Alwin akachomoa plagi ya kwanza kwa madoido, akamwita Kevin aje azungushe hendeli, akasukuma kidole gumba kwenye tundu kwa nguvu. Watu wakasogea. Kevin akazungusha. Alama iliyochorwa kwenye gurudumu zito la injini ikaja ikasimama mahali pake. Alwin alifumba macho akitafuta upepo. Ilikuwa kama amekiweka kidole hicho kwenye meza ya mtu mwingine, katika wilaya nyingine.

“Huo hapo!” alisema. “Upepo safi kabisa!”

Watu wakaitikia kwa vichwa. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha, lakini uongo ulikwisha toka. Akarudisha plagi, akaamuru hendeli ivutwe. Trekta likapiga chafya, likatema ulimi wa moto kupitia kabureta na kuunguza ukingo wa kofia ya Kevin.

“Petroli,” alisema Murray. “Si niliwaambia?”

Hapo Darcy Noske, nyuma ya kamba, akainama kumkuna mbwa masikio. “Tapo, umemwona mzee? Kasikia upepo. Mimi nadhani upepo umetoka mdomoni kwake.”

Watu wakacheka, halafu wakaacha ghafla kwa woga. Alwin akageuka. Jibu alikuwa nalo tayari, lenye keki ndani yake, akanyoosha kidole kumwelekea Darcy.

Darcy hakucheka tena. Alikitazama kile kidole, kisha akasema taratibu, “Tapo, mwambie mzee anavuja damu.”

Alwin akatazama. Tundu la plagi lilikuwa limemchana kidole gumba mpaka kwenye nyama. Damu ilikuwa imeteremka kiganjani, ikaingia ndani ya mkono wa shati, ikachora mstari juu ya rangi ile ya kijani aliyoipiga msasa miezi miwili. Watu wote walikuwa wameiona kabla yake. Tena walikuwa wameona kwamba hasikii maumivu.

Alifungua mdomo aseme anajua, kwamba ni mkwaruzo tu, kwamba fundi hatishwi na damu. Glenda alisimama na kitambaa mkononi, hakumsogelea.

“Sikujua,” alisema Alwin.

Kevin akaiachia hendeli.

“Hakisikii. Tangu Mei hakisikii kitu, chenyewe na wenzake. Huo upepo nimewadanganya. Nimefunga magneto kwa mpando wa moshi.” Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote. “Darcy, niazime kidole chako.”

Darcy Noske alimtazama mbwa, kama anayengoja naye aulizwe. Halafu akatoa mikono mifukoni, akainama, akapita chini ya kamba.

Alikiweka kidole kwenye tundu. Kevin akazungusha mpaka kwenye alama. “Hakuna kitu,” alisema Darcy. “Zungusha tena, mzunguko mmoja.” Hendeli ikazidi kuwa nzito, Kevin akaguna, na kidole cha Darcy kikarushwa juu kwa mlio ambao hata Alwin aliusikia. “Ndio huo, bwana! Huo hapo!”

Boliti mbili zilifunguliwa. Alwin akaelekeza kwa mdomo, Darcy akaigeuza magneto na kuifunga, Glenda akamfunga mumewe kidole. Mvuto wa pili, trekta likanguruma, moshi ukapanda juu ya hema la chai, kasuku wakaruka kutoka kwenye mikalitusi. Watu walipiga kelele za furaha.

Kevin akajikwaruza shingo. “Kusema kweli, ile cheche sikuiona rangi. Naona ukungu tu tangu mwaka jana.”

“Unasema?” aliuliza Murray.

“Nasema ile tak uliisikia kweli?”

“Sema kwa nguvu, Kevin!”

Glenda aliwatazama viongozi wote wa klabu, akatoa simu mfukoni. Jumatatu ingekuwa siku ya kazi nyingi kwa daktari.

Kengele ya maandamano ikalia. Mbele walikuwa wamepangwa watoto wa shule na tarumbeta zao, na breki ya trekta lile ni wenzo wa mkono. Alwin aliutazama, akawatazama watoto.

“Endesha wewe,” alimwambia Darcy. “Mimi nitakaa kwenye madigadi, juu ya gurudumu.”

“Na langu?”

“Liache. Mimi nakuomba.”

Wakapanda. Darcy akalitoa polepole, watu wakipunga kofia. Alwin, mkono umefungwa kitambaa, hakujua atazame upande gani. Mwishowe akainama karibu na sikio la mwenzake.

“Darcy, siku ile kwenye hema. Kuhusu magneto yako. Sikupaswa kusema vile. Pengine hata nilikosea.”

“Hukukosea,” alisema Darcy, macho mbele. “Nilikuwa nimefunga kwa mpando wa moshi. Ungekuwa umekosea, ningekusamehe kesho yake.”