Mlio wa Tapeti Uliohamia kwa Kaka

Kisa hiki ni kweli tupu, kuanzia skrubu ya kwanza hadi ya mwisho, na hakikutiwa chumvi hata punje. Anayetaka kubisha ana ruhusa, ila abishie mbali na feni ya injini, isije ikamnyofoa shati.

Asubuhi ile fundi wa kike aliyeitwa Spana alikuwa ameinamia gari la mwalimu wa kwaya, ncha ya bisibisi ndefu ikigusa injini na mpini wake ukiwa sikioni. Ndivyo mafundi wanavyosikiliza vyuma vya ndani. Injini ilikuwa kuukuu lakini kuwaka iliwaka, na kutembea ilitembea. Tatizo lilikuwa mlio ambao mafundi huuita wa tapeti: ta-ta-ta-ta, kama cherehani inayoshona bati.

"Bado?" akauliza kaka yake kutoka mlangoni mwa ofisi.

"Bado."

"Mwalimu anakuja jioni. Akiukuta huo mlio, wewe unarudi kwenye pancha. Injini atashika shemeji."

Gereji ilikuwa ya marehemu baba yao, lakini funguo zilikaa mfukoni mwa Kaka. Spana alimaliza usichana wake akiziba pancha za watu kabla ya kuruhusiwa kugusa injini. Na huyo shemeji, ndugu wa mke wa Kaka, hakuwahi kufungua hata chupa ya soda bila kuivunja shingo.

Akarudi kazini. Kifuniko cha juu cha injini alishakitoa, na roka zilikuwa wazi, vile vidole vya chuma vinavyozigonga valvu, vilango vya hewa na moshi, zifunguke. Aliiacha injini iwake polepole, akachukua fila geji, vibati vyembamba vya kupimia nafasi, akawa anachomeka kimoja chini ya roka moja moja. Roka inayopiga kelele hunyamaza ukiizibia nafasi yake. Ya mbele, ta-ta-ta. Ya pembeni yake, ta-ta-ta. Alipofika ile ya nyuma kabisa, kimya. Akazima, akangoja ipoe, akairekebisha nafasi mpaka kibati kikawa kinapita kwa kunung'unika kidogo, kama inavyotakiwa. Akawasha.

Ta-ta-ta-ta.

Jana ilikuwa hivyo hivyo. Juzi pia.

Angeweza kuikaza zaidi ili inyamaze, na mafundi wengi wangekaza wakaenda kula. Lakini valvu iliyokazwa haifungi sawasawa, na isiyofunga inaungua. Spana hakutaka kumpa mtu kimya cha wiki moja. Akalegeza, akapima, akafunga, akawasha. Ta-ta-ta-ta. Oili ya moto ikamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Akaitupa spana ya mkononi, ikagonga ukuta, ikamrudia mguuni. Hapo ndipo alipoutolea ule mlio uvivu:

"Umenichosha! Kama una mwenyewe, mfuate huko huko, uniache!"

Mlio ukaondoka. Haukufifia, uliondoka kama mtu anavyoinuka kwenye benchi. Ukapita juu ya rundo la matairi, ukalizunguka pipa la oili chafu, ukaingia ofisini. Injini ikabaki inaunguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

Kaka akatoka na kikombe cha chai mkononi. "Afadhali," akasema. Ta-ta-ta-ta. Mlio ulikuwa unatoka kifuani mwake, na kadiri alivyokaza mwendo ndivyo ulivyoongezeka kasi.

"Kaka, unagonga."

"Nasikia." Akapiga funda la chai. "Ni gesi."

Spana hakubishana, alipima. Akachukua kile kile kibati, akakichomeka kati ya kola na shingo ya kaka yake. Kimya. Akakitoa. Ta-ta-ta-ta. Akakichomeka tena. Kimya.

"Mwanangu," mama yao akasema kutoka dirishani, "mtoe mwenzio hicho chuma shingoni. Watu wanapita."

Ikiwa mlio ulikuwa umemfuata mwenyewe, basi ndani ya injini ya mwalimu kulikuwa na kitu cha Kaka. Spana akazima. Akafungua hadi akaitoa kemshafti, ule mhimili wenye nundu ambazo, ukizunguka, ndizo zinazozisukuma roka. Nundu ya nyuma ilikuwa imelika kama kipande cha sabuni cha bafuni. Ubavuni palikuwa na mkwaruzo mrefu wa patasi. Aliujua mkwaruzo ule. Aliuweka yeye mwenyewe, mkono ulipomteleza akitengeneza pikapu ya Kaka.

Pikapu ile na gari la mwalimu vilitumia injini ya aina moja. Gari la mwalimu lililala gereji likizo nzima likingoja breki, na tangu likizo hiyo pikapu ya Kaka, iliyokuwa ikipanda mlima kwa kuombewa dua, ilikuwa inapanda huku ikipiga honi.

"Umembadilishia," akasema Spana.

"Chuma ni chuma." Ta-ta-ta-ta. "Kwani lilikuwa halitembei?"

"Nipe ufunguo wa pikapu nimrudishie chake."

"Pikapu ina safari. Rudisha hiyo hiyo, ufunge."

"Mama! Unasikia?"

Mama alikuwa anafuta vikombe. "Nasikia, mwanangu. Anagonga. Sasa mtu anagonga hivyo, ndiyo unampandishia presha?"

Spana akairudisha ile kemshafti, akifunga kila nati kama anayemfinya mtu.

Jioni mwalimu wa kwaya akaja na baadhi ya waimbaji wake, kwa kuwa walikuwa na mazoezi ng'ambo ya mlima. Akawasha gari, akafumba macho.

"Mwalimu, halijapona," Spana akasema. "Kemshafti yako iko kwenye pikapu ya kaka yangu. Hii uliyo nayo imelika, valvu moja haifunguki vizuri, gari halitakuwa na nguvu..."

"Shh." Mwalimu akainua kidole. "Acha nisikilize."

Akasikiliza.

"Hata nzi akikohoa utamsikia," akasema. "Dada, una mkono wa ajabu."

"Mwalimu, umenielewa nilichosema? Umeibiwa!"

"Hayo ya vyuma mtajuana wenyewe. Mimi ni mtu wa sauti." Kisha akageuza shingo. "Na huyo anayegonga?"

"Huyo ni kaka," akajibu mama.

"Aha. Hayumbi, mapigo yake yanakwenda sawasawa."

Wakajipakia, soprano mbele, besi nyuma, wakaondoka. Kaka akasimama kando ya Spana akijifuta jasho.

"Unaona?" akamwambia. "Shemeji abaki na pancha. Injini ni zako. Kesho kuna nyingine inakuja, nayo inagonga. Ifanye hivyo hivyo."

Spana alikuwa anaangalia mlima. Gari lilifika katikati, likapunguza mwendo, likasimama bila mlio wowote. Milango ikafunguka. Soprano wakashuka, besi wakashuka, wakaweka mikono kwenye buti la gari. Mwalimu akatoa mkono dirishani, akamwonyesha Spana dole gumba.

Upepo ulikuwa unapanda mlima. Besi wakainua vichwa, wakaudaka mlio wa Kaka, na kwaya nzima ikaanza kusukuma kwa mapigo yake.