Mabomba Yasiyokwenda Popote

Wizarani walimwita Bi Futi, kwa sababu hakutoka ofisini bila futi kamba mkobani, na ukimwambia ukuta umenyooka alikwenda kuupima kwanza ndipo akuitikie. Kazi yake ilikuwa kukagua nyumba za bei nafuu ambazo serikali kuu ililipia na mikoa ikajenga. Akitia sahihi, fedha za awamu inayofuata zinatoka. Asipotia, zinabaki zilipo.

Siku alipofika kwenye mradi ule, mratibu wa mkoa alimpokea kwa bashasha utadhani amekuja kuposa. Akamwingiza kwenye nyumba ya mbele, inayotazama barabara. Mapazia yalikuwa yameshatundikwa, meza ina kitambaa, chai inafuka moshi.

"Karibu sana, dada. Hapa ndipo atakapoishi mwananchi wa kawaida."

"Hii ni ya wageni," Bi Futi alisema. "Ya mwananchi wa kawaida iko wapi?"

Mratibu akacheka, lakini mkaguzi keshatoka, ameshika njia ya safu za nyuma.

"Huko bado rangi tu, dada! Utachafua viatu!"

Rangi ndiyo iliyokuwepo. Bi Futi alifungua bomba la jikoni, likakohoa vumbi. Akazunguka nyuma ya nyumba kulifuata bomba la maji taka lililotoka ukutani na kuzama ardhini. Akalivuta kidogo tu. Likang'oka zima, likabaki mkononi mwake kama muhogo. Halikuwa limeungwa na kitu. Lilichomekwa kwenye mchanga.

"Ndugu mratibu, hili lilikuwa linakwenda wapi?"

Mratibu alifuta jasho. "Nikufiche nini, dada yangu? Mabomba ya chini yako awamu ya pili. Awamu ya pili haitoki mpaka mkague. Mkija kukagua mnataka mabomba. Sasa nifukie nini, pumzi?"

Ndani ya uongo ule mlikuwa na kipande cha kweli. Wizara nayo ilikuwa inajivuta.

"Basi mngesema hayapo. Haya ya kudanganyia mliyachomeka ya nini?"

"Wizarani kwenu walitaka picha."

Kwenye uzio alikuwa amesimama fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, aliyegawiwa nyumba katika safu ya mwisho. Kila juma alikuja kuitazama nyumba yake kwa nje, kisha akarudi alikopanga. Alikuwa amesikia yote.

"Dada mkaguzi, wewe pitisha tu. Choo tutachimba wenyewe. Ninapokaa sasa, mvua ikinyesha nalala nimekaa, na mama mkwe namlaza juu ya meza ya kukatia nguo."

"Nikipitisha hawatarudi kuweka chochote, mama. Mtakaa hivyo mpaka mzeeke."

"Na usipopitisha?"

"Watalazimika kumaliza."

Alisema hivyo kwa sababu aliamini hivyo.

Wizarani aliandika alichokiona, kisha akaongeza pendekezo: fedha za mabomba peke yake zitolewe, zisimamiwe na wizara, nyingine zisubiri. Mkurugenzi wake alisoma huku akitikisa mguu.

"Bi Futi, ama umepitisha ama hujapitisha. Nusu nusu haipo katika utaratibu."

"Basi sijapitisha, mheshimiwa. Lakini watu wale..."

"Hujapitisha. Imekwisha."

Fedha zikazuiwa zote. Mkoa ukasema wizara ndiyo inayowatesa wananchi. Wizara ikasema mkoa ujirekebishe kwanza. Fahali wawili walipigana, na nyasi ikawa ni yule fundi cherehani na wenzake. Mratibu aliendelea kupata mshahara wake. Mkurugenzi aliendelea kutikisa mguu. Bi Futi alipanda na kushuka ngazi za wizara kuulizia, kila mlango ukimwelekeza mlango mwingine, hata makarani wakawa wakisikia viatu vyake wanajitia wako kwenye simu.

Masika yalipofika, watu walichoka. Asubuhi moja walivunja makufuli wakaingia, kila mtu kwenye nyumba aliyogawiwa, bila kugombana. Bi Futi alipopata habari alidhani mkoa utawatoa kwa nguvu. Wapi! Mratibu alikuja na mpiga picha. Nguo kwenye kamba, moshi wa jikoni, mama mkwe barazani. Picha zikatumwa wizarani na maneno matatu: nyumba zote zimekaliwa.

"Umeona?" mkurugenzi alimwambia, uso umechangamka. "Mradi umefanikiwa. Ile ripoti yako imeshapitwa na wakati."

Bi Futi alitaka kupiga meza. Badala yake akasema polepole, "Basi twende, mheshimiwa. Ukapigwe picha na wewe."

Mkurugenzi hakuwa mtu wa kukataa picha. Safari ilikuwa ndefu, na kwenye nyumba ya mbele alinyweshwa chai kikombe juu ya kikombe. Bi Futi akamwongoza mpaka safu ya mwisho, kwa fundi cherehani, ambaye alimpokea mkaguzi kwa salamu baridi.

"Ulisema watalazimika," alimwambia chini chini. "Tumelowa miezi yote ile kwa kweli yako."

Bi Futi aliinamisha kichwa.

Mara mkurugenzi akanong'ona kuulizia choo. Fundi cherehani akamwonyesha mlango. Ndani mlikuwa na bakuli zuri la choo, jeupe, limekalishwa juu ya sakafu isiyo na tundu. Mkubwa akatoka mbio.

"Sasa nyinyi mnakwenda wapi?"

Yule mama akampa ndoo, akamwonyesha kichaka ng'ambo ya mtaro unaonuka.

Baada ya muda mfupi, fedha za mabomba zilitoka, na safari hii mafundi walichimba kweli. Ripoti zote hazikufanya lililofanywa na kibofu cha mkubwa mmoja.

Katika kikao cha wizara, mkurugenzi alisimulia namna alivyokwenda mwenyewe na kuligundua tatizo. Wakampigia makofi. Bi Futi akasimama.

"Na mikoa mingine, mheshimiwa? Kule ambako hakuna mkubwa aliyebanwa na haja?"

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti akasema hilo ni swali zuri, halafu akaita ajenda inayofuata. Bi Futi alibaki amesimama, akisubiri jibu, mpaka jirani yake akamvuta gauni aketi.