Mchana Uliobaki Tumboni mwa Valvu

Valvu ililetwa asubuhi kwa toroli, imefunikwa gunia, ikawekwa juu ya meza ya fundi wa siti kabla hajavaa hata aproni.

Fundi alikuwa mwanamke kijana, mama wa mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Kazi yake katika karakana ya kiwanda cha sabuni ilikuwa kubadilisha siti, zile pete za ndani zinazoibana valvu ili ikifungwa isipitishe kitu. Alizitia kwenye maji ya moto zilegee, kisha akazisukuma mahali pake kwa vidole gumba, taratibu, kwa kuzunguka, kama anayemvisha mtoto soksi.

Kwa kawaida mzigo haufunikwi. Kwa hiyo alianza kushuku kabla hajaligusa gunia.

"Hii ya wapi?" akamwuliza msimamizi.

"Ya huko." Msimamizi alielekeza kidevu upande ambao haukuwa na kitu. "Toa siti, tia nyingine, jioni irudi. Usiichunguze sana, hujaletewa mkwe."

Fundi akaliondoa gunia. Mkono wa valvu ulikuwa umezungushiwa kitambaa cha buluu, kipande cha shati kuukuu. Shati lenyewe alilikata yeye, nyumbani, mumewe alipolalamika kwamba chuma kinamchoma kiganja.

Mumewe alikuwa mfungaji wa valvu upande wa boila. Kabla ya mvua kuanza aliifunga valvu hii ili mwenzake, waliyemwita Mnara kwa urefu wake, afungue chujio lililokuwa mbele kwenye bomba hilohilo na kulisafisha. Mvuke ukapita. Mnara alizikwa kesho yake. Injinia akasema valvu iliachwa nusu, na mume akaambiwa akae nyumbani asubiri tume.

"Nilifunga," mume alimwambia mkewe. Alilisema hilo mara moja, hakulirudia.

"Najua," mkewe alijibu. Lakini hakujua. Mumewe alikuwa mtu wa nusu nusu. Chupa ya chai aliiacha na kifuniko kimekaa upande, bomba la uani lilidondoka mpaka kunakucha. Tangu siku ile alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni hata anapomfunga mtoto nepi, aone kama atafika mwisho.

Mama yake Mnara alikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta. Tangu mazishi hakuwasalimu, na maji yake ya kufulia aliyamwaga mlangoni mwao. Fundi aliyapiga deki bila kusema neno, kwa sababu hakuwa na uhakika kama walikuwa wameonewa. Na Injinia, ambaye siku zote alimpita kama anavyopita nguzo, alimletea mtoto kopo la maziwa ya unga. Fundi aliligeuza kopo juu chini, akanusa ukingo wake, akaliweka kabatini. Halijafunguliwa mpaka leo.

Sasa valvu ilikuwa mezani kwake, na yeye akajiuliza kwa nini imeletwa kwake na si kwa mwingine. Akachukua spana.

Valvu hii ilikuwa ya tufe, na ya tufe si kama geti valvu. Geti valvu hushusha ulimi wa chuma katikati ya siti mbili, na ikiachwa nusu mvuke huutafuna ulimi kwa chini, ukawa kama mkate ulioumwa. Ya tufe ina tufe lenye tundu katikati na siti moja kila upande. Ukilizungusha likafunga, kile kilichokuwa kinapita hunaswa ndani, kati ya siti na siti. Mafundi hupaita tumboni. Kutoka tumboni yameshatoka maji machafu, sabuni iliyoganda, na mara moja wimbo wa redio ya mlinzi, uliowachosha kwa juma zima.

Alilegeza nati kwa kukingamisha, moja ya upande huu, moja ya upande wa pili, akainua nusu ya juu, na mchana ukatoka.

Ulikuwa mchana wa saa nane, wa manjano, wenye joto la boila na harufu ya sabuni mbichi. Ulienea juu ya meza, ukashuka hadi sakafuni na kuishia kwenye kabati la spana. Nje bado ilikuwa asubuhi ya mawingu. Kisha zikaja sauti.

"Injinia, humu mmetia zile siti nyeupe. Zitauweza mvuke huu?" Hiyo ilikuwa ya mumewe.

"Nyeusi zitakuja. Wewe funga."

"Funga, bwana," akadakia Mnara. "Funga kama mkeo anakutazama!" Akaanza kucheka.

"Imefika mwisho hiyo," mumewe akasema. "Sikia."

Chuma kikagonga chuma, na kicheko kikakatikia hapo.

Fundi alisimama na spana mkononi. Kisha akafanya alichofundishwa, akaangalia siti. Ilikuwa nyeupe kweli, ya kazi ya maji baridi, si ile nyeusi iliyochanganywa mkaa kwa ajili ya mvuke. Iliwekwa wakati yeye yuko likizo ya uzazi. Valvu ingeachwa nusu, siti ingekatwa upande mmoja. Hii ilikuwa imebonyea mzunguko mzima, sawasawa, kama mshumaa uliosahauliwa juani.

Msimamizi akaja, akaona mwanga unatosha, akazima taa ya meza.

"Si nilikwambia usichunguze?"

"Sikuchunguza. Nimefungua."

Kila tufe lilipoguswa, maneno yalianza upya, na msimamizi aliyasikiliza mpaka mwisho akitazama viatu vyake. Akamwita Injinia. Injinia akasikiliza mikono mfukoni.

"Sauti inafanana na yangu," akasema. "Watu wengi wana sauti kama yangu." Halafu akamwuliza fundi kama mtoto anayapenda maziwa.

"Anayapenda," fundi akajibu, wakatazamana.

Tume ilikuja baada ya siku chache, watu watatu, valvu ikiwa bado mezani. Kwa kuwa mvua ilikuwa kubwa, walifurahi kukuta mchana, wakavua makoti na kuyatandaza yakauke. Walisikiliza. Mmoja wao aliomba sehemu ya Mnara irudiwe, maana ilimchekesha. Halafu wakanong'onezana na mkubwa wao akatoa uamuzi.

"Tumeridhika kwamba alifunga," alisema. "Tumeusikia na mgongano wenyewe. Tatizo ni kwamba alifunga kwa nguvu mno, akaiumiza siti. Kosa ni lake vilevile."

Mkono wa valvu ya tufe huzunguka robo tu, ukagonga kizuizi. Hauendi mbele hata ukiukalia. Hakuna mtu karakana nzima asiyejua hilo, na Injinia alilijua vilevile. Msimamizi akakohoa. Watu wote wakamgeukia, lakini kilikuwa kikohozi tu.

"Siti za kurudishia zipo?" mkubwa wa tume akauliza.

Zililetwa kutoka stoo ndani ya mfuko. Zilikuwa nyeupe.

"Nyeusi je?" fundi akauliza.

"Zitakuja," Injinia akasema.

Nyumbani kwao mikono iliyoingiza mshahara sasa ilikuwa miwili, yake mwenyewe, na yote miwili ilikuwa ndani ya maji ya moto. Fundi alizilegeza zile nyeupe, akazisukuma mahali pake, taratibu, kwa kuzunguka. Zilikaa vizuri sana. Kabla ya kuifunika valvu alichukua nyingine ndogo, inayoenea kiganjani, aliyoitia siti nyeusi za mwisho, ndogo mno kwa kazi yoyote ya kiwanda. Akaishika wazi ndani ya ule mchana, akaligusa tufe kubwa ili maneno yapite, na kicheko kilipokatika akaifunga. Kisha akaiviringisha ndani ya kanga ya mtoto.

Getini mlinzi alipapasa mkoba.

"Nini hiki?"

"Valvu ya bomba la nyumbani. Mbovu."

"Mbona ya moto?"

"Ilikaa juani."

"Leo hakukuwa na jua, dada."

"Kwenu labda."

Mlinzi alimtazama, akatazama mawingu, akaurudisha mkoba. Fundi aliyasikia macho yake mgongoni mpaka alipokata kona.

Jioni, walipokwisha kula, aliiweka valvu mezani na kugeuza mkono. Mchana ukajaa chumba, ukafika kitandani na nyuma ya pazia. Mtoto akanyoosha vidole kuushika. Mume alijisikia akiuliza, akamsikia Mnara akimtania, akacheka kabla hajakumbuka. Kisha akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Kwa hiyo ulitaka kusikia," akasema.

"Nilijua."

"Ungejua usingebeba chuma."

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma. Mkewe akahamia upande wake wa benchi na kumwekea mtoto mapajani. Alimwambia na la tume pia, kwamba sasa kosa ni nguvu. Mume alitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa bei.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mama yake Mnara.

"Nani anacheka humu?" akauliza, bila hodi wala salamu. "Nimemsikia ukutani. Mnamwiga mwanangu?"

"Hapana, mama," mume akasema. "Ni yeye."

Hakuamini. Alichungulia nyuma ya pazia, akainama akatazama uvunguni, akafungua kabati na kulikuta kopo la maziwa. Ndipo akaketi, akaweka mikono magotini, akasema basi, tusikie. Fundi alifunga, akafungua. Mama alisikiliza akiwa amekaza macho, si kwenye valvu bali usoni kwa mume, kama anayesubiri ajikwae. Kicheko kikaja, kikakatika.



"Umekonda," mama akamwambia mume.

"Kidogo, mama."

"Na huyo anayesema wewe funga, ni nani?"

"Injinia."

"Yuko wapi?"

"Yupo. Yuko kazini."

Mama akalitafuna hilo polepole. Mtoto alikuwa amelishika pindo la mchana na kulitia mdomoni.

"Na hizo nyeusi," akauliza mama, "zimeshakuja?"

Mume akamtazama mkewe. Fundi akavitazama vidole gumba vyake, vilivyokuwa bado vyekundu kwa maji ya moto.

"Bado, mama."

"Haya," mama akasema, akavuta kiti kusogelea mwanga. "Mfungulie mwanangu tena."