Nsiah Alitangazwa kwa Wino Mweusi

Ukifa mjini kwetu Konongo, kuta ndizo zinazotoa taarifa. Bango lako litabandikwa kituo cha magari, kanisani na kwenye mlango wa kinyozi, na chini ya picha yako wataandikwa wanaokulilia: mkuu wa ukoo kwanza, kisha ndugu, kisha mjane na watoto. Aliyeandikwa ni wako. Asiyeandikwa akalie kwao.

Bango la Nsiah lilipotoka, Dufie alilisoma akiwa amesimama juani, akalisoma tena kwa kidole. Nsiah alikuwa dereva wa lori, kijana bado, na lori lilikuwa limemlalia kwenye kona ya njia ya Kumasi. Dufie alikuwa amempikia, amemfulia na kumzalia. Jina lake halikuwepo. La binti yao Konadu pia halikuwepo.

Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Gyebi, mkuu wa ukoo wa marehemu.

"Mzee, mmenisahau kwenye bango."

"Hatujakusahau, binti yangu. Nsiah alipeleka kwa baba yako kinywaji cha kubisha hodi. Kinywaji cha kuoa alikipeleka?"

"Alikuwa anajikusanya. Nyie wenyewe mnajua."

"Basi. Kupiga hodi si kuingia."

Tiwaa, dada wa marehemu, alikuwa kando anachambua kisamvu. Hata kichwa hakuinua. "Wifi, vile vyumba viwili mnavyokaa ni vya kaka yangu. Kikao cha juma moja kikiisha, nakuja na kufuli."

Kufa kufaana! Udongo wa kaburi haujachimbwa, mtu anawaza kufuli.

Dufie alijua kitu kimoja. Katika kikao cha juma moja, siku ya saba tangu kifo, mji mzima hukusanyika, na mjane hukalishwa kwenye mkeka mbele ya watu. Ukikalishwa pale mkeka hauondolewi tena, na hakuna wa kukufungia mlango. Akikaa tu bila mtu kupinga, amepona yeye na mwanawe. Lakini atakaaje kama kuta za mji hazimtaji? Basi na yeye atatoa bango lake.

Mchapaji wa pekee mjini alimkatalia kabla hajamaliza sentensi. "Mama Konadu, maiti mmoja mabango mawili? Ukoo utanibomolea duka!"

Ndipo akaenda kwa Razak, muuza simu na vifaa vyake, ambaye kwenye rafu ya nyuma alikuwa na printa mbili. Dufie hakuwahi kugusa printa maishani.

"Ipi inachapa rangi?"

"Zote, dada. Hii ndogo ni ya bei poa, ina katriji mbili za wino, moja nyeusi na moja ya rangi. Hii kubwa unaijazia wino kwenye matangi yake kama unajaza mafuta ya taa. Chukua kubwa."

"Kubwa ni mara mbili ya bei."

"Ndiyo, lakini hiyo ndogo ni chambo tu, wino ndio ndoana. Na katriji zinazokuja nayo hazijajaa, wanaweka za kuonja."

"Razak, mimi nachapa msiba mmoja. Sifungui duka."

Akachukua ndogo. Tusimlaumu, mkono ulikuwa mfupi.

Siku ya kuamkia kikao, asubuhi, aliiweka printa juu ya kitanda cha Nsiah. Alibandua zile tepu za rangi ya machungwa akasahau moja, mashine ikalia, akarudi akaitoa. Karatasi aliziweka nyingi mno zikakwama, akazivuta kwa hasira moja ikachanika ndani, Konadu akaitoa kwa vidole vyake vyembamba. Hatimaye simu na printa vikaonana. Bango lenyewe alikuwa amelipanga kwenye simu: pande zote mkanda mwekundu, na juu, kwa herufi nyekundu, PIGO KUU. Kwetu hata mtoto anajua. Mzee aliyekula chumvi nyingi akifa, bango lake huwa jeusi na jeupe, watu huvaa meupe na kucheza, maana amefika salama. Kijana akikatika ghafla, nyekundu haikosi.

Bango la kwanza likatoka. Mkanda mwekundu safi, jina lake limo, la Konadu limo. Lakini mistari myeupe ilikuwa imekata uso wa Nsiah.

"Mama, baba kama yuko nyuma ya nondo," Konadu alisema.

"Nyamaza, tutamtoa."

Kwenye simu palikuwa na kitufe cha kusafisha. Akakibonyeza, mashine ikaguguna, mistari ikapungua. Akabonyeza tena, ikapungua tena. Lo, Dufie wewe! Kila ukisafisha, printa inakunywa wino wake yenyewe, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Alisafisha mpaka uso wa mumewe ukatoka bila doa, na alipoanza kuchapa mengi, nyekundu ikafifia, ikawa kama chai ya maziwa, kisha ikakata kabisa. Taa ikawaka. Nyeusi ilikuwa bado ipo.

Alikimbia kwa Razak akamkuta anafunga duka aende kula cha mchana.

"Katriji ya rangi ya hiyo sina, dada. Mpaka nifuate Kumasi, kesho kutwa."

"Kikao ni kesho!"

"Nilikwambia uchukue kubwa," alisema Razak, na mara akajuta. "Pole. Pole sana."

Mfa maji haachi kutapatapa. Dufie alirudi, akachapa yaliyobaki kwa nyeusi tupu. Alijua maana yake, ila alijiambia watu si wajinga, wataona wino umeisha, na jina jeusi ni afadhali kuliko kukosa jina. Kabla jua halijazama alikuwa ameyabandika mji mzima. Yale machache mekundu, yenye mistari na yaliyofifia, aliyachana kwa aibu. Hapo ndipo natamani ningekuwepo nimshike mkono, maana hayo ndiyo yangekuwa ushahidi wake.

Kesho yake watu walijaa uani kwa ukoo, wote wamevaa nyekundu na nyeusi. Jenereta ya spika ikivuma, Dufie alipita katikati akaukalia mkeka, Konadu ubavuni. Hakuna aliyepinga. Akaanza kupumua.

Mzee Gyebi akasimama na karatasi mkononi.

"Mama yangu alipofariki hana jino kinywani, tulimtangaza hivi. Nyeusi na nyeupe. Tulicheza. Leo nauliza, mwanamke huyu anasherehekea nini?"

Mnong'ono ukapita. Dufie akasimama. "Mzee, wino uliisha."

"Huu hapa, naona mweusi tele!"

"Nyekundu ndiyo iliyoisha. Zimekaa mbalimbali. Haki ya Mungu, nyekundu iligoma!"

"Nyekundu peke yake?" Tiwaa akapiga makofi. "Jamani, wino una akili! Umejua wa kumsusia!"

Watu wakacheka, na kicheko cha msibani ni kibaya kuliko matusi. Dufie akalia, akasema, "Nileteeni umeme hapa. Naleta mashine, mjionee kwa macho yenu."

Akaileta amejitwika kichwani. Wakaichomeka kwenye jenereta, mji mzima ukasogea kutazama. Alikuwa na uhakika kama wa jua. Akabonyeza.

Sasa sikilizeni, maana huu ndio uchungu wenyewe. Ndani ya katriji ya rangi mna sponji, na wino uliobaki kwenye sponji, ukiachwa upumzike, hushuka taratibu chini. Usiku kucha ulikuwa unashuka.

Karatasi ikatoka. PIGO KUU, nyekundu ya pilipili iliyoiva. Mkanda mwekundu pande zote. Uso wa Nsiah mzima, bila mstari.

Mzee Gyebi aliichukua karatasi, akaiinua juu hadi waliokaa nyuma wakaiona.

"Ngojeni!" Dufie alipiga kelele. "Ngojeni ya pili! Itakata, wallahi itakata!"

Akabonyeza tena. Lakini watu walikuwa wameshageuka, wengine wanatema mate, wengine wanaita watoto wao. Mama mmoja aliyekuwa amemletea unga juzi alipita akainamisha macho. Tiwaa aliukunja mkeka, akauweka kwapani, akaenda kutafuta kufuli.

Karatasi ya pili ikatoka. Nyekundu iliishia kwenye herufi ya kwanza, iliyobaki yote ilikuwa nyeupe na nyeusi. Dufie aliishika kwa mikono miwili akaigeuzia watu.

"Hii hapa! Si mnaona? Tazameni basi!"

Aliyekuwa anatazama ni Konadu peke yake. "Naona, mama," alisema.