Misimu Miwili Iliyobaki ya Lyle Brandvold

Kila mwanafunzi ana misimu minne ya kukichezea chuo chake. Haizidi wala haipungui. Katika Chuo cha Elim, kilichojengwa na Walutheri katikati ya mahindi ya Iowa, sheria hiyo ilijulikana kwa wapishi, kwa mchungaji, na hata kwa wakulima waliokuja kila Jumamosi kutazama mpira wa kikapu. Kwa hiyo mazoezi yalipofunguliwa mwezi wa Oktoba, Lyle Brandvold, aliyezikwa Agosti baada ya kucheza misimu miwili, aliingia ukumbini, akakaa chini, akafunga kamba za viatu. Kocha Orrin Tjaden akaliandika jina lake.

Msajili wa chuo, Bi. Eunice Haack, alipekua kitabu cha kanuni asubuhi nzima.

"Kuhitimu kunamwondoa," alisema. "Kufukuzwa kunamwondoa. Kufa hakukutajwa."

"Basi anayo miwili," Kocha akasema.

"Anayo miwili. Aje achukue kitambulisho kipya, maana kile cha kwanza amezikwa nacho."

Kocha Tjaden alikuwa na miaka thelathini na mmoja pale Elim. Aliendesha basi la timu yeye mwenyewe, alifua fulana za wachezaji, alifundisha somo la afya kwa vijana waliolala madaftarini, na kabla ya kila mchezo aliufagia uwanja kwa ufagio mpana. Hakuna chuo kikubwa kilichowahi kumwita. Alichokuwa nacho ni ubao uliotundikwa juu ya mlango wa ukumbi, wenye hesabu ya ushindi wake: mia nne sitini na tisa. Hapajapata kuwa na kocha wa Elim aliyefika mia tano.

Lyle hakuchoka, wala hakutoka jasho. Mwili wake ulibaki na joto lile lile la siku aliyokufa. Kipasha joto cha basi kilipoharibika Januari, wenzake waligombea kiti cha kando yake.

"Sogea bwana, umekaa naye tangu tutoke Decorah! Vidole vyangu vitadondoka."

"Vidondoke tu, hata vikiwepo hufungi pointi."

"Lyle, hebu egemea dirisha hili kidogo, limeganda."

Lyle aliegemea, na barafu ikayeyuka.

Jambo moja tu lilimkera Kocha. Kila mchezo uliposimama kwa mapumziko, Dale, kocha msaidizi, aligawa vikombe vya maji. Lyle alikipokea chake, akamtazama Kocha usoni.

"Kunywa, mwanangu."

"Bado sijamaliza, Kocha."

Naye alikiweka chini kikiwa kimejaa.

Kocha aliyajua maneno hayo yalikotoka. Mchana ule wa Agosti aliwakimbiza vijana kuzunguka kiwanja cha nyuma, mizunguko ishirini, na asiyemaliza hanywi. Katika mzunguko wa kumi na nne Lyle aliomba maji. Kocha hakufoka, alinyoosha kidole tu kuelekea njia ya kukimbilia. Baadaye chuo kilimwandikia mama mtu kwamba kijana alizaliwa na moyo dhaifu.

Mama huyo, Marlys Brandvold, mfugaji wa nguruwe, hakukosa mchezo hata mmoja. Katika majira ya baridi ya kwanza alimsimamisha Kocha mlangoni.

"Orrin, nimefuga nguruwe miaka thelathini. Mnyama aliyekufa kwa joto namjua nikimwona. Nani alimnyima maji mwanangu?"

"Madaktari wameandika moyo, Marlys."

"Sikukuuliza madaktari."

Jumatatu yake Kocha alikwenda kwa mkuu wa chuo, Dakta Pruitt, akasema anataka kumwambia mama yule ukweli. Mkuu alimmiminia kahawa.

"Tutamwambia. Lakini si katikati ya msimu, Orrin. Una mia nne themanini na mbili. Mwache kijana amalize misimu yake, ni haki yake."

Kocha alikubali. Alikubali kabla kahawa haijapoa.

Ushindi wa mia tano ulipatikana Februari ya msimu wa pili, na wa mia tano na moja ukafuata kwenye mchezo wa mwisho. Siku hiyo Lyle alifunga pointi arobaini na moja. Kisha alifungua kamba za viatu, akatupa fulana yake katika kapu la nguo chafu pamoja na za wenzake, akampa Kocha mkono, akatoka kwa mlango wa kando. Theluji iliyeyuka kila alipokanyaga, na nyayo zake zikakoma kwenye uzio.

Asubuhi iliyofuata Kocha aliandika barua kwa mkono wake mwenyewe kwenda kwa kamati inayosimamia michezo ya vyuo. Aliandika kwamba tarehe kumi na moja Agosti, saa nane mchana, Lyle Brandvold alimwomba maji, naye akamnyima, na kijana akafa. Aliandika kwamba chuo kilijua. Nakala aliipeleka kwa Marlys.

"Ni mimi," alisema.

Marlys aliisoma akiwa amesimama.

"Miaka miwili," alisema. "Ulimwacha akuchezee miaka miwili kwanza."



Hukumu ya kamati ilifika Agosti. Ilimshukuru Kocha kwa unyofu wake. Ilieleza kuwa sheria inaruhusu matayarisho kuanza tarehe kumi na tano Agosti, ilhali Elim ilianza siku nne kabla. Kwa kosa hilo, Kocha Tjaden atafutiwa ushindi wa mara mbili, na shauri litafungwa.

Kocha aliipeleka kwa Marlys, akamkuta akiosha banda. Marlys alifunga bomba, akafuta mikono, akaisoma barua hadi mwisho, kisha akaigeuza kuona kama inaendelea nyuma. Haikuendelea.

"Mbili," alisema.

"Mbili."

"Na Lyle?"

"Jina lake halimo."

Marlys alimrudishia karatasi, akafungua bomba.

Kocha alirudi chuoni. Filimbi sasa ilikuwa ya Dale, aliyeachiwa timu, na vijana wake walikuwa wakizunguka kiwanja cha nyuma juani. Ilikuwa tarehe kumi na sita, kwa hiyo sheria haikuvunjwa. Ukumbini fundi alikuwa amepanda ngazi, na Kocha akamshikia. Fundi alifungua parafujo, akashusha mia tano na moja, akatundika mia nne tisini na tisa.

"Imenyooka, Kocha?"

Kocha alirudi nyuma hatua mbili, akatazama.

"Imenyooka," alisema, na adhabu ikawa imelipwa.